Bahari imechafuka, imefungwa au imekwisha? Kuielewa misimu ya samaki Unguja na Pemba

Kila mwaka ikifika Juni au Julai, mazungumzo ya marikiti ya Unguja huwa yale yale. Mafungu ya changu yamekuwa madogo, bei imepanda, na kila aliyekuja na kikapu ana sababu yake. Mmoja anasema samaki wamehama. Mwengine anasema mahoteli yanawachukua wote kabla jua halijatoka. Wa tatu ana hakika kuwa serikali imeifunga bahari, maana shemegi yake wa Pemba kampigia simu akamwambia kwao kumefungwa tangu mwezi uliopita. Wa nne, ambaye mara nyingi ni mtu mzima aliyewahi kuvua, anajibu kwa neno moja: kusi.

Huyu wa nne yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, ila jibu lake halimsaidii asiyejua kusi inamfanya nini samaki. Na wale watatu nao hawakukosea kabisa. Tatizo ni kuwa tunaposema "samaki hakuna" tunachanganya mambo matatu yasiyofanana. Huenda samaki wapo, lakini chombo hakiwafikii. Huenda wapo na wanafikika, ila watu wamekubaliana wasiguswe kwa muda. Au huenda wamepungua kweli. La kwanza hupita lenyewe, la pili lina tarehe yake ya mwisho, na la tatu halipiti wala halina tarehe. Makala haya yanajaribu kuyatenga.

Tuweke maneno sawa kwanza, kwa sababu vijana wengi wa mjini siku hizi huyasikia bila kuyajua vizuri. Kaskazi ni upepo na pia ni msimu wake: huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi, wakati wa joto. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Huanza kushika Aprili au Mei, ikawa kali Juni hadi Agosti wakati wa baridi ya kipupwe, kisha ikalegea kuelekea Oktoba. Baina yao kuna mvua za masika na za vuli, na siku za maleleji ambazo upepo haueleweki unatoka wapi. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Upepo kwanza

Uvuvi wetu kwa sehemu kubwa ni wa vyombo vidogo: mitumbwi, ngalawa, madau, mashua, na boti za fiba zenye mashine za kupachika. Kwa chombo cha namna hii, kabla ya kufikiri samaki yuko wapi, nahodha hutazama kama ataweza kutoka na kurudi.

Chukua upande wa mashariki wa Unguja. Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe, vijiji vyote hivi vinatazamana na Bahari ya Hindi iliyo wazi. Mwamba wa matumbawe umesimama kama mpaka, na ndani yake kuna maji machache, matulivu, yenye majani na michanga. Anayetaka kwenda nje lazima apite kwenye mlango wa mwamba. Kusi ikikaza, mawimbi huvunjika pale pale mlangoni, na mwenye ngalawa hulazimika kubaki ndani. Basi kila mtu anabaki ndani. Madema, yaani mitego ya kusuka, yanashushwa kwenye majani, nyavu zinatandazwa hapo hapo, mishipi hapo hapo. Ndipo marikiti hujaa tasi wadogo na pono wa kiganja, na mnunuzi akiwaona anahitimisha kuwa samaki wakubwa wamekwisha. Wakubwa wako ng'ambo ya mwamba, hawana wa kuwafuata.

Upepo unafanya na jambo jengine ambalo halionekani kutoka ufukweni. Mbele ya visiwa vyetu unapita mkondo mkubwa wa bahari unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, upepo unaupinga, kwa hiyo unakwenda polepole. Wakati wa kusi, upepo unausukuma kwa nyuma na kasi yake huweza kupita kilomita 5 kwa saa. Aliyewahi kushusha mshipi katika maji ya namna hiyo anajua kinachotokea: chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, halifiki chini, mshipi unalala, na chombo kinachukuliwa mbali na mwamba uliokuwa umepangwa. Nyavu nazo hujikunja na kujaa takataka.

Halafu kuna joto. Mwezi wa Machi maji ya juu huwa karibu nyuzi 29 au 30 za Selsiasi. Agosti na Septemba hushuka hadi karibu 25. Kusi huyavuruga maji, ikachanganya ya juu na ya chini, na ule mpaka baina ya maji ya moto ya juu na maji ya baridi ya chini ukashuka zaidi. Samaki wanaowindana karibu na mpaka huo, kama jodari, hushuka nao. Hawakuhama kwenda nchi nyengine. Wako chini kuliko mshipi wa kawaida unavyofika.

Kwa hiyo ile imani kuwa kusi inahamisha samaki ni nusu ya kweli. Wapo wasafiri: jodari, nguru, mbasi, makundi ya vibua. Hawa hupita kwa misimu, na mvuvi huwangojea kama wageni wenye tarehe zao. Lakini changu, tasi, chewa, kangu na pono hawaendi mbali na miamba na majani yao. Julai wako pale walipokuwa Februari. Aliyebadilika ni mvuvi, ambaye hawezi tena kuwafuata.

Upande wa magharibi hali ni nyengine. Kisiwa chenyewe kinaukinga Mkondo wa Unguja, yaani bahari iliyo baina ya kisiwa na bara, kwa hiyo Mkokotoni, Bumbwini, Mangapwani na Malindi huendelea kupokea vyombo hata siku ambazo Jambiani hakuna aliyetoka. Ndiyo maana katikati ya kusi dagaa na vibua huweza kuwepo kwa wingi huku nguru akiwa wa kutafutwa kwa tochi.

Na Pemba usiichukulie kuwa ni Unguja iliyosogezwa kaskazini. Baina ya Unguja na bara maji ni ya kina kidogo, mita 40 hivi kwa sehemu kubwa. Baina ya Pemba na bara kina kinapita mita 800. Bahari ya namna hiyo ikiwa karibu na ufukwe, samaki wa maji makuu nao huwa karibu. Mvuvi wa magharibi mwa Pemba hahitaji safari ndefu kumkuta jodari, wakati mwenzake wa Bumbwini hata akienda mbali hukuta bado yuko kwenye maji ya dagaa. Watu husema Wapemba ni wavuvi zaidi kuliko Waunguja. Sitaki kuingia kwenye ugomvi huo, ila kina cha maji kimewasaidia.

Misimu hii ndiyo iliyozaa dago, yaani safari ya wavuvi kuhamia kwa muda katika pwani nyengine, wakapiga kambi, wakavua, wakarudi kwao upepo ukibadilika. Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani huko Pemba, wanajulikana kwa dago pwani nzima, hadi Tanga na Kenya. Kijiji kinachopokea dago mara nyingi hulalamika kuwa wageni wamekuja kuwamalizia samaki, na wageni husema bahari haina mwenyewe. Wote wawili wanafuata kitu kile kile: sehemu iliyokingwa na upepo wa msimu.

Hapa nimkumbuke yule aliyelaumu mahoteli. Julai na Agosti ni likizo za Ulaya, na watalii hujaa Nungwi, Kendwa na Paje. Wakati huo huo ndipo kusi inapopunguza samaki wanaofika mnadani. Kinachopatikana kimepungua na wanaokitaka wameongezeka, katika miezi ile ile. Dalali wa mnada hahitaji kufanya njama yoyote. Anapaza bei na mwenye pesa anachukua. Kwa hiyo mahoteli yanachangia bei, hilo ni kweli, lakini bei si hesabu ya samaki waliomo baharini. Ukitaka ushahidi, tazama Disemba na Januari: watalii ni wengi vile vile, kaskazi imeingia, vyombo vinatoka nje, na malalamiko hayawi makali kama ya Julai.

Maji ya bamvua na maji mafu

Ukiacha upepo wa mwaka, kuna mzunguko wa nusu mwezi. Jua na mwezi vyote huyavuta maji ya bahari. Vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mivuto yao huungana na tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hukatana na tunapata maji mafu. Kwetu Unguja, siku za bamvua kubwa tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu ni mita moja tu au karibu yake.

Mita hizo zina maana kubwa kwa anayevua kwa miguu. Bamvua likipwa, mwamba mzima unaachwa wazi, na wanawake na watoto hutoka na michokoo, yaani fimbo za kuchokolea mashimo, kutafuta pweza, chaza na makombe. Wakulima wa mwani nao hushuka kwenye vigingi vyao. Maji mafu yakipwa, mwamba unabaki chini ya maji, na asiye na miwani ya kuzamia hana kazi. Pweza wa wiki ya bamvua na pweza wa wiki ya maji mafu wametoka bahari ile ile. Aliyeadimika ni mwamba wa kukanyaga.

Kuna faida moja ambayo Mzanzibari anayo bila kuihesabu. Kwa kuwa bamvua hufuata mwezi, kalenda ya Kiislamu ni jedwali la maji pia. Tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo na 15 hadi 17, tegemea bamvua. Karibu na tarehe 8 na 22, tegemea maji mafu, yakichelewa siku moja au mbili. Na saa zake nazo hazibadiliki sana: siku za bamvua, Unguja maji hupwa kiasi cha saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kiasi cha saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bibi wa Jambiani asiyewahi kuona kitabu cha bandari atakuambia leo maji yanapwa saa ngapi kwa kukumbuka tu mwezi ni wa ngapi.

Kosa la kawaida ni kudhani bamvua ni zuri kwa uvuvi wote. Kwa pweza ni zuri. Kwa mwenye mshipi kwenye mlango wa mwamba, maji ya bamvua hukimbia mno, na wengi wao husubiri yapoe. Ukisikia mvuvi mmoja anasema wiki hii ni nzuri na jirani yake anasema ni mbaya, uliza kwanza kila mmoja anavua nini na kwa chombo gani.

Dagaa na giza

Dagaa ana kalenda yake mwenyewe, na ndiye anayewachanganya watu zaidi, kwa sababu anaweza kuwa tele leo na baada ya wiki moja asionekane kabisa.

Dagaa wetu wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za umeme wa betri au wa jenereta. Taa huwekwa juu ya maji, vijidudu vidogo vya baharini hukusanyika kwenye mwanga, dagaa hufuata chakula, na boti hulizungushia kundi wavu. Mbinu hii inafanya kazi kwa sharti moja: kusiwe na mwanga mwengine. Mbalamwezi ikitanda, bahari nzima ina mwanga, na taa ya mvuvi haina tena mvuto wa peke yake. Dagaa hutawanyika. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu boti nyingi hubaki ufukweni, watu wakashona nyavu, wakatengeneza mashine, wakalala. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, kazi inarudi.

Dagaa, basi, hawalali wala hawauogopi mwezi, kama inavyosemwa. Wapo, wametapakaa tu, na wavu hauna pa kuzungushia.

Baada ya kuvuliwa kuna jua. Sehemu kubwa ya dagaa wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa, wakaanikwa, wakapakiwa na kuvushwa kwenda bara, na wengi huishia Kongo. Wakati wa masika mvua ikipiga siku tatu mfululizo, waliokwisha kuchemshwa huoza kabla ya jua kutokea, na mchuuzi hupunguza kununua. Hapo dagaa wabichi huweza kushuka bei wakati wakavu wanapanda. Anayetazama bei moja tu atasema dagaa wamejaa. Anayetazama nyengine atasema wamekwisha. Bahari haikubadilika hata kidogo baina yao.

Bahari iliyofungwa

Sasa turudi kwa yule mwenye shemegi Pemba. Hakudanganywa. Kweli kulikuwa kumefungwa, lakini aliyefunga hakuwa anayemdhania, na kilichofungwa si bahari yote.

Maneno haya yanatumika kwa mambo matatu tofauti. Kuna hifadhi kubwa za bahari, kama ya Ghuba ya Menai iliyoanzishwa 1997 na ile ya Mkondo wa Pemba ya 2005. Humo watu wanavua, ila kwa masharti: baruti, sumu na nyavu za kukokota ni marufuku. Kuna maeneo yasiyovuliwa kabisa, na linalojulikana zaidi ni mwamba wa Kisiwa cha Chumbe, uliotangazwa hifadhi 1994. Na kuna kufunga kwa muda, ambako ndiko kunakozungumzwa sana miaka hii: kijiji, kupitia kamati yake ya wavuvi ya shehia, kinachagua sehemu ya mwamba wake na kuiacha kwa miezi mitatu hivi, kwa ajili ya pweza. Kamati hizi zinafanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya 2010.

Mtindo huu wa kufunga kwa pweza ulianza kupata jina Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, mwaka 2004. Kwetu, Kisiwa Panza cha kusini mwa Pemba ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuujaribu, na baadaye ukafika vijiji vyengine vya Pemba na Unguja, Kizimkazi ikiwa mmojawapo.

Kwa nini pweza, na kwa nini miezi mitatu? Hapa inabidi kumjua mnyama mwenyewe. Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Akiwa mdogo hukua kwa kasi ya kushangaza, na katika muda wa miezi miwili au mitatu uzito wake huweza kuongezeka mara mbili na zaidi. Jike akikomaa huingia shimoni, hutaga mayai kwa maelfu mengi, huyalinda bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Dume naye hadumu.

Mtu yeyote mwenye konde la muhogo anaijua hesabu hii. Ukiung'oa mapema unapata vidole. Ukiuacha kupita kiasi unakuwa mizizi na haufai. Pweza ni hivyo hivyo. Ukimchokoa akiwa wa robo kilo umepoteza uzito ambao ungekuja baada ya miezi miwili au mitatu. Ukimwacha mwaka mzima, atakuwa amekwisha kutaga na kufa, na hukupata kitu. Ndiyo maana kufunga mwamba wa pweza kwa miaka mitatu kusingekuwa na faida ambayo kufunga kwa miaka mitatu kungekuwa nayo kwa chewa, anayekua polepole na kuishi miaka mingi.

Kwa hiyo faida kubwa ya kufunga pweza ni uzito. Kuzaliana kunafaidika pia, kwa kuwa majike kadhaa hupata nafasi ya kutaga, lakini vifaranga vya pweza huelea na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Hakuna uhakika kuwa vitatua kwenye mwamba wa kijiji kilichowalinda mama zao. Wanaowaahidi wanakijiji kuwa "pweza watazaliana hapa hapa" wanawaahidi wasichokimiliki, na ahadi isipotimia watu huacha kuamini hata lile la uzito, ambalo ni kweli.

Uvumi kuwa kufunga ni njia ya kuuza bahari kwa mahoteli haukutoka hewani. Watu wameona fukwe walizozipita utotoni zikiwekewa walinzi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuwa sasa na mwamba unafungwa, usishangae akiuliza nani ananufaika. Jibu lake liko kwenye mambo anayoweza kuyakagua mwenyewe: nani alikaa kwenye mkutano, mipaka imewekewa maboya wapi, tarehe ya kufungua ni ipi, na siku hiyo nani anaruhusiwa kuingia. Kufunga kusiko na tarehe ya kufungua ni jambo jengine, na wanakijiji wana haki ya kulitilia shaka.

Siku ya kufungua ndiyo mtihani. Kwa kawaida huchaguliwa siku ya bamvua, asubuhi maji yakipwa, ili mwamba uonekane. Watu hujaa, wakiwemo waliotoka vijiji vya mbali ambao hawakufunga chochote. Katika siku moja au mbili pweza wengi huwa wameshatoka, na wanunuzi wakiona shehena kubwa namna ile hushusha bei. Vijana wenye miwani na mapezi huzamia pembezoni mwa mwamba, kwenye maji ya kina, ambako pweza wakubwa hupenda kukaa. Mwanamke mwenye mchokoo, anayevua maji ya magoti, hupata waliobaki. Na ni yeye aliyekaa miezi mitatu bila kitoweo, kwa sababu hana chombo cha kwenda kwengine. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko mjadala wa wizi wa pweza usiku wakati mwamba umefungwa, ambao nao upo na unaziumiza doria. Kijiji kinachopanga namna ya kufunga bila kupanga namna ya kufungua kimefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo imelipwa na wanawake.

Na kama wamepungua kweli?

Hili ndilo swali ambalo kusi na mwezi hulificha. Samaki wakipungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wakati huo huo wakipanda na kushuka kwa misimu, jicho huona kupanda na kushuka tu. Julai tunapiga kelele, Februari tunakula nguru na kusahau.

Njia ya kuliona ni kulinganisha msimu na mfano wake: kaskazi kwa kaskazi, bamvua kwa bamvua, giza kwa giza. Ramadhani ni mfano mzuri wa kulinganisha vibaya. Kwa kuwa mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, Ramadhani ya 2016 ilianguka Juni na kuingia Julai, ndani ya kusi. Ya 2025 ilianguka Machi, mwishoni mwa kaskazi. Mtu anayesema samaki wa futari walikuwa adimu zaidi miaka ile amelinganisha pepo mbili tofauti, na hajui lolote kuhusu bahari imekuwaje baina yake.

Kuna dalili zisizofuata msimu, na hizo ndizo za kuuliziwa. Ukubwa wa samaki nje ya mwamba ni mmojawapo: changu wanaovuliwa Februari, chombo kikiwa na uhuru wa kwenda popote, wana urefu gani kulinganisha na wa zamani? Safari ni nyengine. Mvuvi anayepata kilo zile zile lakini akaenda mbali mara mbili na kuchoma mafuta mara mbili, hajapata zile zile. Na macho ya madema na nyavu nayo husema: mvuvi hapunguzi tundu la dema lake kwa kupenda, hulipunguza baada ya wakubwa kuacha kuingia.

Liko na jengine ambalo halizungumzwi sana. Samaki wengi wa miamba hutaga zaidi katika miezi ya joto, kuanzia vuli hadi mwisho wa kaskazi. Hiyo ndiyo miezi ambayo vyombo vyetu vyote vinaweza kutoka. Kusi, kwa ukali wake, humpa samaki wa nje ya mwamba miezi kadhaa ya kupumzika ambayo hakuna kamati iliyoipigia kura. Boti zenye mashine kubwa zikiongezeka, na zinaongezeka, mapumziko hayo yatafupika, na marikiti ya Julai itakuwa na samaki wakubwa kuliko tulivyozoea. Siku hiyo wengi watasema bahari imerudi. Mimi nitataka kwanza kuona Februari yake.